Papara Haifanani: Jinsi ya Kuitambua Yako na Kuitia Breki

Mkulima wa Uyole, Mbeya, ameuza viazi, ana laki nane mfukoni. Kabla hajatoka soko la Mwanjelwa, laki mbili hazipo. Kumwambia "jizuie" hakumsaidii, maana hajui ni papara ipi iliyomkamata.

Mgawanyo mmoja maarufu katika saikolojia una aina tano za papara: kutenda bila kuwaza, kuacha kazi njiani, kupenda msisimko, kukurupuka kwa hasira au huzuni, na kukurupuka kwa furaha. Wanasaikolojia Whiteside na Lynam walieleza nne za kwanza mwaka 2001. Ya furaha iliongezwa baadaye. Watu huisahau, ilhali pesa ya mavuno huyeyukia humo.

Chukua daftari, siku 14. Kila ukikurupuka andika papo hapo: saa, ulijisikiaje muda mfupi kabla, ulifanya nini, shilingi ngapi. Usingoje Jumapili. Ukingoja, utaandika sababu ya kupendeza badala ya ile ya kweli. Hisia ileile ikijirudia mara nne au tano, umeishika papara yako.

Sasa weka sharti moja: "Nikipokea pesa ya viazi, naenda kwanza kwa wakala kuiweka, nabaki na 20,000." "Nitajitahidi" hushindwa kwa sababu haina saa wala mahali, na moyo ukishapanda hakuna anayekaa kupanga. Mwenye hasira atoke nje dakika 20, simu aiache ndani. Asiyewaza: kitu cha zaidi ya 50,000 kilale kwanza usiku mmoja. Anayeacha njiani apalilie matuta kumi, apumzike, arudi. Mpenda msisimko apate mpira au mlima wa kupanda. Kumnyima kabisa ni kumchokoza.

"Ni damu ya ukoo wetu"? Kwa sehemu. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na urithi, kupitia jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Mwaka 2010 watafiti waliripoti badiliko la jeni ya HTR2B nchini Ufini, miongoni mwa wafungwa wenye makosa makubwa ya ghafla. Wengi wao walitenda wakiwa wamelewa, na wapo Wafini wengi wenye badiliko hilo wanaoishi kwa amani. Kwa hiyo ukoo wenye papara uanze kupunguza ulanzi kabla ya kulaumu damu.

Lakini mtu mtulivu akianza ghafla kutapanya pesa, halali siku kadhaa na wala hachoki, daftari liacheni. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.