Somo: Kufuga samaki klauni wa baharini ukiwa hapa hapa Mwanza

Wakuu habari zenu, juzi Kirumba kijana kaniuliza kama samaki wa baharini anaweza kuishi kwenye maji ya ziwa. Hawezi, ila bahari yake unaweza kumtengenezea ndani ya kioo. Naongelea samaki klauni, yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, hazidi sana sentimita 10.

Hatua 1. Tafuta tanki la lita 80 kwenda juu. Dogo linachafuka haraka.

Hatua 2. Maji ya bomba yaondoe klorini kwanza, halafu weka chumvi ya bahari ya akwariamu gramu 35 hivi kwa lita, koroga mpaka yawe maangavu kabisa, pima na haidromita (kifaa cha kupima wingi wa chumvi kwenye maji) isome kama 1.025. Chumvi ya jikoni msiweke jamani, haina kalsiamu na magnesi ya kutosha.

Hatua 3. Washa filta uache wiki 4 mpaka 6 ukiweka punje ya chakula kidogo kidogo, bakteria wa kula amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula) wajijenge. Hapa ndo wengi wanashindwa kusubiri, wanaweka samaki siku ya pili, kesho yake anahema juu juu mapezi yamekunjwa.

Hatua 4. Joto nyuzi 25 mpaka 27. Usiku wa baridi weka hita.

Hatua 5, na hii iandike ukutani: maji yakipungua kwa jua ongeza maji yasiyo na chumvi, maana kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Mimi niliongeza ya chumvi wiki tatu mfululizo, nikampoteza samaki niliyemzoea kabisa, alikuwa anakuja kwenye kioo akiona mkono wangu.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu nimchanganye na furu?
Jibu: Hapana ndugu yangu, furu ni samaki wa ziwani, wa maji yasiyo na chumvi, mmoja wao lazima afe.

Dada wa Nyegezi: Kaka, dume na jike nawajuaje dukani?
Jibu: Dada, wote wanazaliwa madume. Nunua wawili wadogo, mmoja awe mkubwa kidogo, huyo ndo atageuka jike. Jike akifa, dume lake linageuka jike. Na mayai analinda dume, utamwona anayapepea na mapezi mchana kutwa.

Mdau wa Igoma: Na anemoni, yule kiumbe wa baharini mwenye mikono inayochoma, ni lazima?
Jibu: Siyo lazima. Baharini anajificha humo kwa sababu ute wa mwilini unamkinga asichomwe, ila kwenye tanki anaishi vizuri bila hiyo. Anemoni inataka taa kali, anza na samaki kwanza.

Dada wa Nyegezi: Umeme ukikatika je?
Jibu: Pampu ya hewa ya betri, kaa nayo ndani muda wote.