Una mimba na unafanya kazi na watu wengi? Zingatia haya mapema

Naandika haya kwa dada zangu wanaofundisha chekechea, manesi, wauza maduka, yaani yeyote anayeshinda na watu wanaomkoholea usoni huku tumboni kuna mtoto. Sitaki yakukute yaliyonikuta.

Ya kawaida kwanza, haraka haraka. Nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, sanitaiza haifanyi kazi vizuri mkono ukiwa umejaa uchafu. Fungua madirisha, feni peke yake inazungusha hewa ileile. Kikombe na kijiko viwe vyako. Mwenzako akikohoa wiki mbili mfululizo mwambie akapime TB, usimwonee aibu. Kliniki nenda mapema, upime na homa ya ini B, usisubiri tumbo lionekane.

Chanjo ndo wengi tunachelewa. Rubella ikikupata miezi mitatu ya mwanzo inaweza kumharibu mtoto macho, moyo na masikio, na wewe mwenyewe usione zaidi ya vipele na kahoma kadogo. Tanzania chanjo ya surua na rubella imeanza 2014 kwa watoto, kwa hiyo sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 90 kurudi nyuma wengi ilitupita. Na mjamzito hachomwi hiyo chanjo, so kama unapanga kubeba mimba kaulize sasa hivi, ukichoma usubiri angalau mwezi mmoja ndo ushike mimba.

Wenye watoto wadogo darasani: kuna kirusi kinaitwa CMV, kinakaa kwenye mate na mkojo wa watoto ambao hata hawaumwi. Usimalizie uji wa mtoto, usimbusu mdomoni, ukimfuta kamasi nenda kanawe hata kama ni mara ishirini kwa siku.

Sasa hili ndo nataka ulishike. Mwambie mtu kazini. Najua tulivyolelewa, mimba changa haitangazwi, unakaa kimya mpaka tumbo liseme lenyewe, na mimi nilikaa kimya hivohivo. Nilikuwa na miezi miwili na nusu, nafundisha chekechea Dar, mwezi wa pili, joto lile la kulowanisha gauni kabla ya saa nne, akaja mtoto mmoja kavaa sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nikamvua. Nyuma ya sikio nikaona vipele vitatu, kimoja kimejaa maji, kangozi kake laini kama lengelenge la kuungua. Mama yake alikuwa kaacha maagizo kwamba ni harara, nami nikaamini, maana mwezi wa pili Dar mtoto gani hana harara. Nikampaka poda, na kwa vile alikuwa ana homa analia nikampakata mpaka akasinzia kifuani kwangu.

Kumbe ofisini walishajua kuna tetekuwanga. Watoto wawili wa darasa la jirani walirudishwa nyumbani tangu Jumatatu, wakaambiana walimu wawili watatu basi. Hakuna aliyenifuata, na angenifuata kwa lipi wakati hakuna aliyejua nina mimba?

Siku ya kumi na tano homa ikapanda, vipele vikatoka mpaka kwenye ulimi, halafu kifua kikabana, nikawa nashindwa kumaliza sentensi bila kuhema. Nimonia. Nililazwa siku tisa na oksijeni puani, mume wangu pembeni kashika kadi yangu ya kliniki hataki kuiweka chini. Daktari akaniuliza, utotoni uliwahi kuugua tetekuwanga? Maana ukishaiugua kwa kawaida hairudi. Sikujua. Nikampigia mama, akasema aliyeugua ni dada yako, wewe ulikuwa kwa bibi yako Tabora, wewe uliugua surua. Swali la dakika mbili, sikuwahi kuliuliza! Nesi akaniambia ningekuja siku zile za mwanzo baada ya kumpakata yule mtoto, kabla vipele havijatoka, kuna sindano ya kinga, siyo chanjo, ni kingamwili zenyewe, na isipopatikana kuna vidonge daktari anaweza kukuandikia, ila yote hayo yana siku zake, usivushe siku kumi. Siku kumi zangu ziliisha nipo darasani nafundisha irabu.

Mwanangu alizaliwa salama namshukuru Mungu, ila kila ultrasaundi nilikuwa nashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vinauma.

Niliporudi kazini mwalimu mkuu akasema, mwalimu, ungeniambia ningekuhamishia darasa la sita. Na ni kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya kumhatarisha yeye au mtoto, na kama inawezekana akupe kazi nyingine bila kukupunguzia chochote. Lakini atakuhamishaje kama hajui? Si lazima utangaze kwa wote, mtu mmoja tu, bosi au mwenzako unayemwamini, mwambie "ukisikia ugonjwa wowote wa vipele nistue". Na mpigie mama leo umuulize uliugua nini utotoni. Na mtoto wa tetekuwanga asirudi darasani mpaka vipele vyote vikauke magamba, anaambukiza tangu siku moja mbili kabla havijatoka, mzazi akikubembeleza kataa.

Mengine: homa usiipe jina mwenyewe, kapime, inaweza kuwa malaria au kitu kingine kabisa. Diklofenaki na dawa za maumivu za dukani usinunue bila kuuliza. Kwenye daladala la kubanana kaa dirishani, barakoa iwepo kwenye mkoba. Maji ya kunywa beba yako. Na wale wa ofisini wanaopenda kukushika tumbo, waambie wakanawe kwanza.