Jinsi ya kupima kama roboti jitu linafaa vitani

Karatasi ya grafu na mizani vinatosha kuanzia. Simama peku, chora unyayo, hesabu miraba ya sentimita moja. Tuchukue miraba 200 na uzito wa kilo 70.

Sasa kuza mwili mara 10. Kimo kinafika mita 17, unyayo unakua mara 100, lakini uzito unakua mara 1,000: tani 70. Hapo ndipo ndoto inapovunjika. Mguu mmoja ukiwa hewani, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 3.5. Kifaru cha M1 Abrams cha Marekani, chenye zaidi ya tani 60, hukandamiza ardhi kwa kilo 1 hivi kwa kila sentimita ya mraba, maana minyororo yake hutandaza uzito.

Jaribu kwenye udongo mweusi wa tambarare chini ya Moshi, wakati wa masika. Chukua nondo ya milimita 12, mita moja, ncha bapa. Huwa na karibu kilo 0.9. Isimamishe wima, funga juu mfuko wa mchanga wa kilo 3. Huo ndio mkandamizo wa unyayo wa jitu. Usiisukume kwa mkono, utaharibu kipimo. Kwenye tope laini itazama yenyewe.

Kimo nacho ni hatari: uwanja ukiwa tambarare, mita 17 huonekana umbali wa kilomita 14 hivi.

Roboti halisi ya Japani iitwayo Kuratas, iliyooneshwa 2012, ina kimo cha takriban mita 4 tu, na hutembea kwa magurudumu.