Ilipoishia: namna ya kuirusha riwaya yako ya ulimwengu wa kubuni mtandaoni, sehemu kwa sehemu

Riwaya yangu ilikaa kwenye kompyuta miaka minne. Inahusu mji ambao watu hulipana kwa usingizi: ukidaiwa, unakatwa saa zako za kulala, na anayekudai ndiye anayezilala. Fedha yao inaitwa lepe. Wachapishaji watatu hawakunijibu. Wa nne alinijibu kwa sentensi moja ya adabu. Kazi yangu ya mchana ni uhasibu, na mhasibu akiona mali imelala ghalani hana raha. Nikaamua kuirusha mtandaoni kipande kwa kipande. Mara ya kwanza nilivuruga. Mara ya pili inakwenda vizuri, niko sehemu ya 41 kati ya 48.

Haki kwanza

Kabla hujapandisha hata aya moja, jiulize kama bado unamtaka mchapishaji. Kazi iliyowekwa wazi mtandaoni, wachapishaji wengi huihesabu kuwa imekwisha kuchapishwa, na majarida ya hadithi fupi ndiyo makali zaidi kwa hilo. Wapo waliopenya. John Scalzi aliirusha Old Man's War kwenye tovuti yake mwaka 2002, na Tor wakaitoa kama kitabu mwaka 2005. Andy Weir alianza kuiweka The Martian kwenye tovuti yake mwaka 2009, wasomaji wakamwomba toleo la Kindle, yaani kitabu cha kidijitali cha Amazon, akalitoa, na mwaka 2014 Crown wakaichapisha. Kila mtu huwataja hawa wawili. Kisichotajwa ni kwamba wote walikuwa na wasomaji wao tovutini kabla riwaya haijaanza. Kama wewe unaanza na sifuri, usipige hesabu kwa vidole vyao.

Soma pia masharti ya jukwaa, hasa kipengele cha leseni. Kuliruhusu jukwaa lionyeshe kazi yako ni jambo la kawaida; kulipatia haki ya kuitafsiri au kuifanya filamu si kawaida. Na kama una mpango wa kuiingiza baadaye kwenye KDP Select, mpango wa Amazon wa vitabu vya kidijitali vinavyopatikana kwao peke yao, fahamu kwamba huko wanataka toleo la kidijitali lisipatikane penginepo kwa vipindi vya siku 90. Maana yake sehemu ulizorusha, ukiacha sampuli ndogo, zitabidi ziondolewe.

Maliza kuandika kwanza

Hapa ndipo nilipoungua. Mara ya kwanza nilianza nikiwa na sehemu sita tu mkononi, nikijiambia nitaandika huku narusha. Katika sehemu ya 6 niliweka kanuni: lepe likishauzwa halirudi kwa mwenyewe. Kufika sehemu ya 19, shujaa wangu alihitaji kuota ndoto fulani, nami nilikuwa nimechoka, basi nikamfanya aukomboe usingizi wake kwa mlanguzi. Msomaji mmoja akaniandikia: "Sehemu ya 6 ulisema halirudi. Limerudi vipi?" Sikuwa na jibu. Nilinyamaza miezi saba.

Riwaya ya mapenzi inaweza kuandikwa huku inarushwa, kwa sababu dunia yake msomaji anayo tayari. Ya ulimwengu wa kubuni haina dhamana hiyo: kanuni ulizoweka ndizo sakafu, na huwezi kubadilisha sakafu watu wakiwa wamesimama juu yake. Basi andika mpaka neno la mwisho, hata kama rasimu ni mbovu. Kisha fungua daftari lenye safu tatu: kanuni, sehemu ilipotajwa, na wahusika wanaoijua. Safu ya tatu ndiyo huokoa wengi. Mara mbili niligundua mhusika anaitumia siri ambayo hakuna aliyewahi kumwambia.

Kukata

Sura ya kitabu si sehemu ya mfululizo. Sura yangu ya 3 ilikuwa na maneno 6,400. Imezaa sehemu nne. Kipimo changu ni kati ya maneno 1,200 na 1,800, kiasi ambacho mtu anakimaliza kwenye simu akiwa anasubiri zamu yake mahali.

Swali gumu ni wapi pa kukata. Mwanzoni kila sehemu yangu iliisha kwa hatari: mlango unagongwa, kisu kinatoka alani. Kufika ya tano, wasomaji walishaujua mchezo. Sasa nina njia ninayoiamini zaidi, nayo inafaa hasa riwaya za aina hii: kata pale kanuni moja ya ulimwengu wako inapofunuka kabla matokeo yake hayajaonekana. Sehemu yangu ya 2 iliishia askari wakibisha hodi. Toleo la sasa linaishia mapema kidogo, ofisini, mama wa shujaa akitia sahihi ya deni. Karani anageuza karatasi na kuuliza, "Na wa mtoto pia?" Basi. Msomaji amegundua mwenyewe kwamba hata usingizi wa mtoto huwekwa rehani, na hakuna askari aliyehitajika kumrudisha siku ya pili.

Sehemu ya kwanza ikate kwa ukatili. Yangu ilifunguka kwa maneno 900 ya historia ya vita vilivyoanzisha hazina ya usingizi. Nilivipenda vita vile. Nimeviondoa vyote, na robo yake imepata nafasi katika sehemu ya 23, msomaji akiwa na sababu ya kutaka kuvijua. Sasa riwaya inaanza na mtu aliyesinzia wima kwenye foleni ya kulipa.

Neno jipya moja kwa kila sehemu linatosha, na likiwa na mzizi katika lugha, bora zaidi. Rasimu ya kwanza fedha yangu ilikuwa na jina la konsonanti nne mfululizo, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilikosea nikisoma kwa sauti. Lepe halikuhitaji maelezo. Nani hajawahi kukesha bila kupata hata lepe la usingizi?

Ilipoishia

Kila sehemu ianze na "ilipoishia" ya sentensi mbili. Usieleze yote yaliyopita. Eleza yale tu yanayohitajika leo. Kama sehemu hii inamrudisha mlanguzi aliyeonekana mara ya mwisho sehemu ya 11, mkumbushe msomaji mlanguzi, achana na mengine. Chini weka viungo vitatu: sehemu iliyotangulia, ijayo, na ya kwanza kabisa. Hicho cha tatu watu hukisahau, ilhali mgeni akitumiwa sehemu ya 30 na rafiki yake ndicho anachokitafuta.

Pa kuirusha

Wattpad, iliyoanza mwaka 2006, inapokea lugha nyingi na ina wasomaji waliozoea mifululizo. Royal Road ina wapenzi wa fantasia wenye njaa kweli, ila wengi wao husoma Kiingereza. Makundi ya WhatsApp na Telegram yanafikisha hadithi haraka, lakini sehemu ya kwanza huzama chini ya mazungumzo baada ya siku mbili, na mgeni hana pa kuanzia. Facebook vilevile. Mimi naweka riwaya nzima kwenye tovuti yangu ndogo, naituma kwa barua pepe kwa waliojiandikisha, kisha penginepo napeleka aya mbili tu na kiungo.

Sababu ya kung'ang'ania barua pepe ni hii: Amazon walifungua jukwaa la mifululizo liitwalo Kindle Vella mwaka 2021, na mwaka 2025 wakalifunga. Jukwaa likifungwa, mwandishi anaweza kubaki na hadithi zake, lakini wasomaji hana njia ya kuwafuata. Orodha ya anwani unaweza kuihamisha.

Ratiba na wasomaji

Chagua siku na saa usizoweza kuzikosa. Wiki ya kwanza nilirusha sehemu tatu, ili mtu apate cha kushika, kisha moja kila Jumanne na Ijumaa. Zote nazipanga mwezi mzima kabla zijitume zenyewe. Ukilazimika kuchelewa, sema mapema na utaje siku utakayorudi.

Wasomaji wa kwanza hawaji kwa matangazo. Nenda kasome mifululizo ya wenzako ya aina yako, uwaandikie jambo mahususi ulilolipenda, bila kubandika kiungo chako. Baadhi watakuja kuona wewe ni nani. Maelezo mafupi ya riwaya yako yataje kanuni moja na mtu mmoja mwenye shida nayo. "Katika ulimwengu uliojaa giza na siri" haimwiti mtu.

Usihesabu waliofungua sehemu ya kwanza. Kwangu walikuwa 140, na waliofika ya pili 61, nililia bure. Angalia waliotoka ya 3 kwenda ya 4. Wakipungua sana hapo, kasoro iko kwenye ya 3 na inarekebishika. Mimi niliigawa, nikafuta ndoto moja.

Wasomaji watabashiri mwisho, na mmoja atabashiri sawasawa. Usiubadilishe ili umkomoe. Mjibu, "Tuone Ijumaa."

Yule aliyenikamata sehemu ya 19 nilimwandikia nilipokuwa najiandaa kuanza upya, nikamwomba asome rasimu nzima na daftari la kanuni mkononi. Alirudisha makosa kumi na moja. Nimesahihisha kumi. La kumi na moja liko sehemu ya 44, na bado tunabishana.