Mpime Akiwa Ameketi: Vazi la Kosplei Kutoka Cherehani ya Kibuye

Miezi miwili kabla ya matamasha ya Nairobi, vijana huanza kufika kibandani kwangu hapa soko la Kibuye, Kisumu, simu mkononi. "Anti, hii unaweza?" Kwenye kioo kuna shujaa wa gemu mwenye mabega ya chuma, au msichana wa anime, zile katuni za Kijapani, mwenye joho linaloburura chini. Mmoja anakwenda NAICCON, tamasha la vibonzo na gemu, mwingine Otamatsuri, la wapenzi wa anime. Mimi kazi yangu ni sare za shule, na vazi langu la kwanza la kosplei, yaani la kumvaa mhusika wa gemu au katuni, nilimshonea mtoto wa dada yangu. Lilipendeza sana akiwa amesimama. Alipoketi kucheza raundi yake ya kwanza ya mashindano, suruali ikapasuka nyuma na kifua cha sponji kikamkaba koo. Alimaliza siku akiwa amejifunga sweta kiunoni. Tangu hapo kila mteja nampima akiwa ameketi.

Kwa hiyo anza na futi ya kupimia kabla hujanunua chochote. Mpime amesimama, kisha aketi kwenye stuli, kisha ainue mikono juu kabisa. Kijana mmoja mwaka jana nyonga zake zilikuwa sentimita 94 amesimama na 99 ameketi. Hizo tano ndizo zilizompasulia mtoto wa dada yangu suruali. Kata kwa kipimo kikubwa, na pale miguu inapokutana tia kiraka cha umbo la almasi, upande sentimita kumi hivi, ili aweze kuchuchumaa apigwe picha bila woga. Mgongo upime kutoka shingoni hadi kiunoni akiwa ameinama kidogo, maana mchezaji wa gemu huinamia skrini saa nzima. Na zipu ifike mahali ambapo mtu anaweza kwenda msalani bila kuita msaidizi. Nasisitiza hili kwa sababu watu hulisahau, kisha wanakaa siku nzima bila kunywa maji. Hilo ni hatari ukumbini penye umati.

Kitambaa nenda ukakitafute Jumapili, siku soko la Kibuye linapofurika. Usianze kwenye nguo, anza kwenye mapazia ya mitumba. Pazia zito huanguka vizuri kama joho, na mara nyingi tayari lina bitana. Likunje ngumini, uhesabu hadi kumi, uliachie: likibaki na makunyanzi, yatabaki hivyo hivyo hata baada ya safari. Rangi iangalie nje juani, usiiamini ukiwa chini ya turubai la buluu.

Kuna kitu kimoja sishoni hata nikilipwa mara mbili: nguo za madoadoa ya kijeshi. Gemu zina wanajeshi wengi na vijana huzitaka mno. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala za polisi, na hayo madoadoa yatakuletea matata barabarani kabla hujafika tamashani. Mhusika wa aina hiyo mshonee kwa rangi moja, kijani cha majani makavu au kijivu, umpe mifuko mingi na mikanda. Atatambulika.

Sasa silaha za mwili, yaani kifua, mabega na magoti. Tunatumia mikeka ya sponji ya EVA, ile ya kuunganisha kama fumbo wanayotandikiwa watoto sakafuni. Unene wa milimita kumi unafaa kifua na mabega, na kwa mapambo ya juu tafuta myembamba zaidi. Mchoro wa vipande utaupata hivi: mvike fulana kuukuu, mzungushie nailoni ya kufungia chakula, kisha ubandike selotepu ya karatasi juu yake mpaka kifua chote kifunikwe. Chora mistari ya silaha kwa kalamu, weka alama za katikati na za mishono, halafu kata taratibu umtoe. Ukivilaza vile vipande mezani una ramani ya mwili wake. Hapo pia, aketi kabla hujakata! Utaona ukingo wa chini unavyopanda kuelekea kidevu, uupunguze.

Kata sponji kwa wembe mpya, na uubadilishe mara unapoanza kukwama. Wembe butu huchana badala ya kukata, na mshono uliochanika hakuna rangi itakayouficha. Kupinda sponji kunataka joto. Ukiweza kuazima mashine ya kupuliza hewa moto kwa mafundi wa magari, vizuri. Usipopata, pasi iliyowekwa karibu bila kugusa itafanya kazi, polepole. Joto hufunga vitundu vya uso wa sponji na kuilegeza. Ukiipinda gotini na kuishikilia hadi ipoe, inabaki na umbo hilo.

Gundi ni ile ya fundi viatu. Paka pande zote mbili, kisha subiri. Hapa ndipo vijana huharibu kwa haraka yao. Inapaswa ikauke mpaka kidole kisinate, kama dakika kumi kivulini, pungufu kama jua letu la adhuhuri limewaka. Kisha kutanisha pande mara moja tu, kwa uhakika, maana ikishashika haikupi nafasi ya kusahihisha. Fanyia kazi hiyo nje. Mimi hukaa chini ya mwembe nyuma ya kibanda. Mvuke wa gundi hiyo si wa kuvuta ndani ya chumba kilichofungwa, na watoto wakae mbali.

Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mikono mitatu, kila mmoja ukauke. Mvua za alasiri kutoka ziwani zinakuja na unyevu, kwa hiyo paka asubuhi. Kisha rangi ya akriliki, tabaka nyembamba nyembamba. Tabaka nene hupasuka mtu anapopumua.

Kufunga kifua mwilini, tumia velkro upande mmoja na lastiki upande wa pili. Lastiki ndiyo inayompa pumzi. Mwenye vazi lazima aweze kuvua kila kitu peke yake kwa dakika mbili. Mpimie kwa saa, umjaribu.

Nywele mwachie msusi. Watu huagiza mawigi ghali kutoka mbali wakati hapa mjini kuna mikono inayojua nywele za sintetiki kuliko mtu yeyote. Rasta za rangi hushonwa kwenye kofia ya wavu, hufungwa kwenye vijiti kwa umbo unalotaka, kisha huchovywa kwenye maji moto kama msusi anavyomaliza misuko kila siku. Zikipoa, zile ncha zinasimama.

Upanga uwe wa sponji juu ya bomba la plastiki, na ugawanyike vipande viwili. Usitie chuma. Mlangoni kuna ukaguzi, na kwenye basi pia.

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350 kwa barabara, unapita Ahero, Kericho na Nakuru. Mwaka mmoja mabega niliyoyahangaikia wiki mbili yaliwekwa kwenye buti chini ya magunia, yakafika bapa kama chapati. Sasa tunapakia hivi: kifua ndani, nguo zimejazwa kifuani, mabega yamefunika juu, vyote ndani ya boksi la kadibodi linalokaa mapajani au kwenye rafu ya juu ya viti, si kwenye buti. Beba pia sweta. Tulipojaribu vazi hapa lilikuwa joto la kukausha samaki, lakini Kericho usiku ni baridi kweli na Nairobi iko juu kuliko sisi kwa zaidi ya mita 500.

Mfukoni mwa vazi, kila mara: sindano mbili, nyuzi za rangi za vazi, pini kumi, kipande cha lastiki, gundi ndogo.

Binti mmoja aliniuliza kama kazi hii si ya Wajapani tu, mimi naingiliaje. Nilimsimulia habari za Myrtle Douglas, Mmarekani aliyejulikana kama Morojo. Mwaka 1939, kwenye kongamano la kwanza la dunia la hadithi za kisayansi huko New York, yeye ndiye aliyeshona mavazi ya wakati ujao aliyoyavaa pamoja na Mmarekani mwenzake, Forrest Ackerman. Nikamrudisha kwenye stuli tumalize vipimo.

Vazi likirudi, lifute ndani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ulianike kivulini siku mbili. Kisha litafutie mahali pa chini, chini ya kitanda kwa mfano, na ujaze magazeti kifuani. Usiliweke juu ya kabati karibu na mabati. Joto la bati la Kisumu saa nane mchana hupinda sponji kama pasi.