SOMO: Kutafuta mahame ya kijiji chenu kwa ramani za zamani

Wengi wetu tunaotoka bara tunasimuliwa historia ya kijiji kuanzia Operesheni Vijiji, serikali ya Tanzania ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Kabla ya hapo bibi na babu waliishi wapi hasa? Ramani za topografia (za milima, mito, njia na nyumba) za 1:50,000, yaani sentimita moja ni nusu kilomita, zinaweza kukuonyesha, kwa sababu nyingi zilichorwa kwa picha za ndege za miaka ya 1950 na 1960. Dodoma watu walihamishwa 1971, sehemu nyingine nyingi za nchi 1973 hadi 1976.

Hatua ya 1: Pata karatasi yako. Anzia Idara ya Upimaji na Ramani, Wizara ya Ardhi. Karatasi moja inachukua eneo la takriban kilomita 28 kwa 28. Soma pembeni mwaka wa *picha za ndege*. Mwaka wa kuchapwa unaweza kuwa wa baadaye sana, na hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Hatua ya 2: Soma ufunguo wa alama za ramani, kisha nukta. Nukta nyeusi ni nyumba. Ugogo utaziona zimetawanyika mbugani kote, wala hazijapangana barabarani kama leo. Fuata pia njia za miguu. Zikikutana njia nne au tano mahali peupe, palikuwa na kitu: kisima, mnada au baraza. Tanga na Morogoro tafuta reli ndogo za mashamba ya mkonge.

Hatua ya 3: Ioanishe na satelaiti. Ramani hizi zinatumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Ukihamisha namba za mahali (koordineti) kama zilivyo, utasimama kama mita 300 kando ya mahali penyewe, na mita 300 porini ni nyingi. Piga picha ramani, ifungue kwenye programu ya ramani kama QGIS au Google Earth, uilinganishe kwa vitu visivyohama: kilele cha mlima, daraja la reli. Mito ya mchanga usiiamini, huhama.

Hatua ya 4: Nenda kwa miguu. Tafuta dalili za makazi: miembe na mibuyu iliyosimama pamoja, ua wa minyaa usiozunguka kitu, mawe ya kusagia, vigae vya vyungu. Piga picha, usichimbe wala kuokota. Makaburi mpite kwa heshima, na mwenyeji awe mbele.

Hatua ya 5: Wazee. Hii ndiyo hatua yenyewe. Usiwasomee majina ya ramani, kwani wapimaji mara nyingine walisikia vibaya na mzee kwa adabu atakukubalia tu. Uliza ng'ombe walinyweshwa wapi, nani alikuwa jirani wa nani. Waulize wawili, kila mmoja peke yake. Naomba sana msisubiri likizo ya mwakani.

MASWALI

*Mkuu, ramani za Wajerumani je?*
Zipo za 1:300,000, kazi ya Sprigade na Moisel, Berlin. Sentimita moja ni kilomita 3, kwa hiyo nyumba huzipati. Zinafaa kwa njia za misafara. Vijiji vingi vimeandikwa kwa jina la jumbe, na jumbe akifa jina huweza kwenda naye.

*Shikamoo mwalimu. Nukta ipo kwenye shamba tunalogombania. Naweza kuipeleka baraza la ardhi kama ushahidi?*
Marahaba. Nukta inaonyesha nyumba, haionyeshi mwenye nyumba wala mpaka. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inathibitisha ugawaji wa ardhi vijijini uliofanywa kati ya 1970 na 1977. Kabla ya kwenda popote, ongea na mwanasheria.

*Mimi ni wa Nyeri, Kenya. Njia ni hii hii?*
Ni hii, ila kwenu mambo yalikwenda kinyume. Watu waliingizwa vijijini kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari (vita vya Mau Mau), na vingi vya vijiji hivyo vilivunjika baadaye. Picha za miaka ile zitaonyesha nyumba zimesongamana mahali ambapo leo ni shamba la chai au kahawa. Tafuta karatasi mbili za miaka tofauti, uziweke moja juu ya nyingine.