Kuvua kwa mshipi kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, hatua kwa hatua

Jumamosi iliyopita niliwapeleka washkaji watatu kuvua kwenye mawe huku kaskazini ya Kigoma, mmoja wao katokea Tabora na alizoea kuvua ngege kwenye bwawa la Igombe, fimbo moja na minyoo basi. Usiku ule alipoteza ndoano saba kabla sijashtuka kwamba kuna kitu sikumwelekeza, namna ya kufunga jiwe la kuzamishia mshipi. Ndo maana naandika hapa, maana kitu chenyewe na mimi kilishanitesa mwaka mzima na hamna aliyeniambia mpaka nilipokutana na mzee mmoja kule kijiji cha Kalalangabo.

Hatua ya 1: Chagueni usiku na muulize kwanza

Nendeni siku za giza, sio mbalamwezi. Giza ndo wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao ziwani, na sababu ya pili ntaisema kwenye chambo. Kipindi cha kiangazi upepo wa kusini ukikaza, mawimbi yanapiga mawe vibaya sana, hapo hata mi siendi.

Kabla hamjanunua chochote pita mwaloni uwaulize BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, sisi pamoja na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapumue wazaliane. Wale watu wa BMU ndo watakwambia pia habari ya leseni na sehemu gani hairuhusiwi. Ndani ya hifadhi ya Gombe usivue, hata kama mawe yake yanakutamanisha.

Hatua ya 2: Vifaa

Nailoni ya milimita 0.50, mita hamsini kwa mtu. Ndoano namba 6 mpaka 8 kwa ajili ya kuhe na sangala, na chache ndogo namba 12 kwa ngege. Uzi wa cherehani, roli moja zima. Kisu, tochi ya kichwani, chumvi nusu kilo. Zungusha nailoni kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Mi fimbo za dukani zenye mashine sizitaki kabisa kwenye mawe, ncha inavunjika ukiteleza, mashine inajaa mchanga, halafu samaki akigusa chambo unasikia kwa mbali kama habari ya kuhadithiwa. Mshipi ukiwa kidoleni unamsikia anavyonusa, anavyoacha, anavyorudi.

Usibebe nyavu za timba wala kokoro, vyote vimepigwa marufuku na vinamaliza ziwa.

Hatua ya 3: Chambo

Dagaa wabichi wa asubuhi, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, boti zinaporudi. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa wanaadimika, ndo ile sababu niliyosema. Wapange kwenye kopo, tabaka la dagaa tabaka la chumvi, mpaka jioni wanakuwa wagumu na hawachomoki kwenye ndoano. Ukitumia mbichi bila chumvi, ukirusha tu anakatika tumboni na unabaki unavua na ndoano tupu bila kujua.

Hatua ya 4: Kufika

Boti za kaskazini zinatoka Kibirizi. Patana na nahodha saa ya kuwafuata kesho yake, mlipe nusu, nusu akija. Vaeni jaketi za kujiokolea, mtu akisema anajua kuogelea mwambie avae hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Kufunga jiwe (hii isome mara mbili)

Hapa ndo penyewe. Ufukwe wetu sio wa mchanga mtupu, chini ni mawe juu ya mawe yenye nyufa, na kila kitu kizito unachokitupa kinaingia kwenye ufa na kukwama. Mi mwanzoni nilikuwa natumia plagi mbovu za pikipiki kama wengi wanavyofanya, nafunga kwa nailoni ile ile, fundo kali kabisa. Plagi ikinasa navuta, mshipi unakatika juu kabisa, plagi imeenda, ndoano imeenda, na mita kumi za nailoni zimebaki chini zinanasa samaki bure mpaka wanafia humo. Usiku mmoja nilifunga upya mpaka saa nane, wenzangu washalala.

Asubuhi yule mzee alipita na mtumbwi, nikampa shikamoo, akaangalia mshipi wangu akasema, "Mwanangu, umelifunga kama unamfunga mbuzi. Jiwe linafungwa ili liondoke."

Maana yake ni hii. Acha plagi, okota jiwe refu lenye kiuno katikati, ukubwa wa yai la kuku, yamejaa tele ufukweni na ukilipoteza umelirudisha kwao. Mwisho wa nailoni fanya kitanzi kidogo. Kwenye kitanzi funga uzi wa cherehani, na huo uzi ndo ushike jiwe, urefu wa shubiri moja. Ndoano usiiweke chini pamoja na jiwe, iweke juu, kama dhiraa moja kutoka kwenye kitanzi, kwenye tawi lake fupi la nailoni. Jiwe likinasa, unavuta taratibu, uzi unakatika, ndoano na samaki wanakuja.

Sasa tahadhari zake, maana ukikosea bado utalia:

Uzi ukiwa mmoja unakatika hewani wakati wa kurusha, jiwe linaruka peke yake na linaweza kumpiga mtu. Ukikunja mara nne haukatiki tena, umerudi kule kule kwa mbuzi. Kwa jiwe la ukubwa wa yai mi nakunja mara mbili, na kabla ya kurusha mara ya kwanza nanasisha jiwe kwa makusudi kati ya mawe makavu navuta, nione kipi kinakatika kwanza. Kikikatika kingine chochote kisicho uzi, funga upya. Jamaa wa Tabora yeye alitumia uzi wa kushonea nyavu kwa sababu ulikuwa mkononi, ule haukatiki, ndo zile ndoano saba.

Pia usirushe kwa kuchapa. Zungusha mara moja chini pembeni ya mguu uachie, litafika. Huna haja ya kufika mbali, kwenye mawe ziwa linaingia kina hapo hapo, hatua chache tu huoni chini. Hili ziwa linafika mita 1,470, sio mto wa kuvuka.

Na kama iliyonasa ni ndoano yenyewe, usivute kwa hasira. Legeza kabisa, subiri, halafu tembea pembeni juu ya mawe hatua kumi au ishirini uvute kutoka upande mwingine, mara nyingi inatoka ilikoingilia. Ikigoma, zungusha mshipi kwenye kipande cha mti ndo uvute, kamwe usizungushe kwenye kiganja, nailoni inaingia kwenye nyama kama wembe. Na tafadhali asiingie mtu majini kuitoa usiku. Maji yetu ni maangavu, tochi inakuonyesha jiwe liko karibu kumbe liko kina cha watu watatu, na humo kwenye mawe anaishi nyoka wa maji anayekula samaki, hana ugomvi na mtu ila sumu anayo. Ndoano ni bei ya chai, iache.

Hatua ya 6: Kuvua

Kaeni mbalimbali, tochi zizimwe. Sangala anachukua usiku, kuhe subirini mapambazuko, pale mawe yanapokutana na mchanga. Akivuta mpe kidogo, kisha kaza asirudi kwenye mawe. Ukimwona kuhe mkubwa maji mafupi na wingu la vifaranga limemzunguka, mwache, baba na mama wote wanalinda watoto na ukimtoa mmoja wanaliwa.

Jua likianza kupanda upepo unageuka unatoka ziwani, kunjeni.

Hatua ya 7: Kula na kuondoka

Ugali wa muhogo, mawese, pilipili, samaki wa kuchoma. Mnajua wenyewe.

Vipande vya nailoni viokoteni vyote mtie kwenye chupa. Jumamosi ile, baada ya kumbadilishia uzi, jamaa wa Tabora alikaa mpaka alfajiri bila kupoteza ndoano nyingine, na saa kumi na mbili kasoro akapiga kelele tukakimbia wote. Kuhe, urefu kutoka kiwikoni mpaka vidoleni. Alirudi na treni, nusu ya yule samaki kamkausha kwa chumvi akampelekee mama yake.